Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: chuma kilichokatika kisiuzwe kabla hakijasomwa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Mimi ni fundi mkerezaji hapa Mwanjelwa. Nakuandikia kuhusu vyuma vinavyokatika kwenye malori na mashine za mkoa wetu, kisha vikaishia kwenye mizani ya chuma chakavu bila mtu yeyote kuvitazama.

Lori likianguka kwenye mteremko wa Iwambi, Mbalizi au Mlima Nyoka, neno la kwanza ni "breki zimefeli", na mara nyingi ndilo la mwisho. Ni kweli breki hupata moto kwenye miteremko hii zikaacha kushika. Lakini springi nazo hukatika, bolti za magurudumu hukatika, pini ya kushikia tela hukatika. Bila kukitazama kipande chenyewe, tunaweza kumtwika dereva lawama ya ufa ulioanza kabla hajashika usukani wa gari hilo.

Chuma huchoka, Mheshimiwa. Mzigo usioweza kukivunja kwa mara moja hukivunja ukirudiwa mara nyingi mno. Ufa huanzia mahali padogo: kona kali, shimo la kutu, mkwaruzo, ukingo wa mshono wa kuchomelea.

Msimu uliopita mwenye mashine ya kukoboa mpunga kutoka Mbarali aliniletea shafti iliyokatika, akilalamika kwamba vyuma vya siku hizi ni feki. Niliiosha kwa dizeli nikaitazama juani. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini, ina mistari kama pete za msonobari uliokatwa Sao Hill, na mistari yote ilianzia kwenye kona ya mfereji wa kukazia puli. Kilichobaki kilikuwa kieneo kidogo chenye chembechembe mbichi, ndipo ilipomalizikia kukatika. Kieneo hicho kikiwa kidogo, maana yake mzigo haukuwa mkubwa. Ufa ulikuwa umetembea siku nyingi. Basi kumwambia anunue chuma kinene zaidi na kuchonga kona ileile kungemcheleweshea tatizo tu. Nilimkerezea shafti mpya, kona za mfereji nikazizungusha.

Tupige hesabu. Shafti inayozunguka mara 800 kwa dakika, kwa saa 10 kwa siku, hufikisha mizunguko milioni 10 katika wiki tatu. Kila mzunguko mkanda unaipinda upande huu na upande ule. Mjerumani August Wöhler alilipima jambo hili kwenye ekseli za treni katika karne ya 19, baada ya ajali kama ile ya karibu na Versailles, Ufaransa, tarehe 8 Mei 1842, ambapo ekseli ya injini ilikatika na watu zaidi ya 50 wakafa. Alionyesha kwamba chuma cha pua (steel) kina kiwango cha mzigo ambacho chini yake kinaweza kuvumilia karibu bila mwisho. Kona kali na kutu hukishusha kiwango hicho sana.

Mitaani shafti ikikatika inachomelewa na kurudishwa kazini jioni hiyohiyo. Chuma chenye kaboni nyingi kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza, kando ya mshono huwa kigumu na chepesi kuvunjika, na ufa mpya huanzia hapo. Hili linaniumiza, kwa sababu kuuona ufa mapema si gharama kubwa. Kuna dawa ya makopo matatu: unasafisha, unapulizia rangi nyekundu, unasubiri kama dakika kumi, unafuta, unapulizia unga mweupe. Penye ufa uliofika juu, mstari mwekundu hujichora wenyewe. Nyufa za ndani ndizo zinazohitaji kipimo cha mawimbi ya sauti, na ugumu wa chuma una mashine yake.

Ombi langu kubwa ni hili: uelekeze kwamba ajali yoyote inayodhaniwa kutokana na ubovu wa gari au mtambo, kipande kilichokatika kifungwe, kiandikwe namba, kisiuzwe. Kipelekwe kwa wahandisi wa mitambo wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wakisome, na majibu yao yatufikie mafundi kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, siyo yabaki kwenye faili la polisi. Pia tutengewe siku ya kupeleka shafti na springi zetu kupimwa kwa bei ambayo gereji ya mtaani inaimudu. Wakaguzi wa magari nao wapewe makopo yale matatu, waanze na pini za tela na bolti za magurudumu za malori yanayobeba mzigo mzito kutoka au kwenda Tunduma.

Nina vipande vilivyokatika nilivyovihifadhi, kila kimoja na maelezo ya kilikotoka. Ukiagiza, nitavipeleka mwenyewe chuoni, wahandisi waanze navyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mkerezaji, Mwanjelwa, Mbeya