Fitokromu mbona mmeiruka?

Mhariri, makala yenu ya mimea na mwanga nimeisoma, safi, ila mmeongelea klorofili tu, ile rangi ya kijani ya majani, utadhani jani linajua kupika chakula basi. Kuna protini inaitwa fitokromu, hii kazi yake kuhisi mwanga, ikipigwa na mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi inabadili umbo inaingia kwenye kiini cha seli, huko inafanya zivunjwe protini zinazorefusha shina, ikipigwa na mwekundu wa mbali, yaani ule ambao macho yetu hayauoni vizuri, kama nanomita 730, inarudi ilivyokuwa. Sasa mche ukifunikwa na majani ya jirani, yanafyonza mwekundu yanaachia ule wa mbali upite, fitokromu inazimika, zile protini hazivunjwi tena, shina linarefuka fasta kutafuta jua. Na usiku joto likipanda inazimika haraka zaidi, yaani hiyohiyo ni kipimajoto! Hilo nalo mngeliandika jamani.