Mkutano mkuu wa kijiji upewe meno

Ndugu mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila siku redioni nasikia watu wanasema demokrasia yetu ibadilishwe, mwananchi ashirikishwe moja kwa moja kwenye maamuzi asisubiri miaka 5, wengine wanatutajia Uswisi huko wananchi wanakopigia kura mambo wenyewe, sawa mi sipingi, lakini huku kwetu Rungwe hiyo demokrasia ya moja kwa moja ipo kwenye sheria toka mwaka 1982 na hamna mtu anayeitetea.

Naongelea mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) inasema kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, hagombei wala hateuliwi, na huo mkutano ndo wenye mamlaka ya juu kabisa ya kijiji. Unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Unaichagua halmashauri ya kijiji, na hapa ndo wengi hawajui, unaweza pia kuiondoa, awe mjumbe mmoja au wote kwa mpigo, bila kungoja uchaguzi. Halafu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa itoke mikononi mwa kijiji, kama haizidi hekta 250 wa kukubali au kukataa ni mkutano mkuu, siyo mwenyekiti na siyo mtendaji, ikizidi hapo ndo inaenda kwa waziri. Sasa niambieni ni bunge gani lingine nchi hii mtu anaingia na mabuti yake ya shamba anapiga kura mwenyewe.

Hiyo ni karatasini. Huku chini mkutano wenyewe uko hivi: mnaitwa saa nane, unaanza saa kumi, tena wanaupangaga siku ya mnada au wakati watu wako kwenye kuchimba viazi. Kabla hata ajenda hazijasomwa inazungushwa karatasi, namba, jina, kitongoji, simu, sahihi, mnasaini wote maana ni mahudhurio tu. Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa mwishoni kabisa, ukungu umeshashuka, kina mama wameshaondoka kuwahi kukamua, mtendaji anasoma mbio mbio, michango kiasi fulani, ujenzi wa darasa kiasi fulani, shajala kiasi fulani, ukinyoosha mkono kuuliza hiyo shajala ni kalamu ngapi unaambiwa subiri tutafika kwenye mengineyo, na mengineyo haifikiwagi. Miezi inapita mnakuja kusikia kijiji kiliridhia jambo, mnauliza kiliridhia lini, mnaoneshwa muhtasari umegongwa muhuri na nyuma yake imebanwa ile ile karatasi ya mahudhurio yenye sahihi zenu. Nimeshuhudia kwa macho yangu, kijiji sikitaji, na wasomaji wa Mufindi na Mbozi najua hapa wanatikisa vichwa.

Kwahiyo la kwanza ninalotaka ni dogo sana, karatasi ziwe mbili. Moja ya mahudhurio, nyingine ya uamuzi, imeandikwa juu kabisa jambo lililoamuliwa ni lipi, waliokubali wangapi, waliokataa wangapi, na isainiwe baada ya kura siyo kabla. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni wiki nzima kabla ya mkutano, watu waje wameshasoma. Na mambo ya ardhi na michango yapigiwe kura ya siri kwenye sanduku, maana nani atanyoosha mkono kumpinga mwenyekiti ambaye kesho yake anaenda kumuomba barua ya utambulisho ya benki au ya NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa? Mnasema wananchi walikubali kwa kauli moja, wangekataa kwa kauli gani.

Kuna mtu atasema wananchi wa vijijini hawana uelewa wa bajeti. Hiyo hoja inanichosha. Kina mama wa kwenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wanakaa kila wiki na sanduku la funguo tatu, kila funguo na mtu wake, wanahesabu hela mbele za watu wote, hisa, mfuko wa jamii, faini ya aliyechelewa, na hamna shilingi inayopotea bila mtu kuulizwa. Hao hao wakifika mkutano wa kijiji eti hawaelewi mapato na matumizi!

Sasa twende juu kidogo, maana hata mkutano ukienda vizuri meno yake yanaishia mpakani mwa kijiji. Tunaibuaga miradi wenyewe, ule utaratibu wa fursa na vikwazo, yani kijiji kinaangalia kina nini na kinakwama wapi, tunasema sisi kwanza tunataka zahanati halafu daraja, inaenda kata, inaenda halmashauri ya wilaya, huko inakutana na kitu kinaitwa ukomo wa bajeti, yani kiwango cha hela kisichotakiwa kuzidi, inarudi imekuwa kitu kingine kabisa au hairudi. Lakini angalia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Pamoja na matatizo yake yote kila mtu anaijua na anaidai, kwa sababu imeandikwa kwenye sheria kwa namba. Basi iandikwe namba nyingine, sehemu fulani ya hela ya maendeleo ya halmashauri ipangwe kwa kura za wananchi wenyewe kwenye mikutano mikuu na baraza la madiwani lisiwe na uwezo wa kuibadilisha. Mji wa Porto Alegre kule Brazili walianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1989 na miji mingi duniani ikaiga, na wao hawakuanza wakiwa matajiri.

Na jambo la kuwajibishana. Mwenyekiti wa kijiji tunaweza kumtoa katikati ya kipindi, diwani na mbunge hatuwezi, yani mwenye madaraka madogo ndo tuna rungu naye na mwenye makubwa tunamsubiri mpaka uchaguzi. Tume ya Jaji Warioba, ile iliyokusanya maoni ya katiba mpya, ililiona hili, rasimu yake ya pili ya Desemba 2013 iliwapa wapigakura haki ya kumuondoa mbunge, Bunge Maalumu la Katiba likaitoa, na Katiba Inayopendekezwa ya 2014 yenyewe ilikuwa ipigiwe kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo. Wakenya haki hiyo ya kumuondoa mbunge waliiweka kwenye katiba yao ya 2010 ingawa sheria ya kuitekeleza iliwaletea shida mahakamani, kwahiyo kuandika peke yake hakutoshi, najua. Na msiniambie kura ya maoni Tanzania haiwezekani, Zanzibar walipiga tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, serikali ya umoja wa kitaifa ikapatikana.

Ila sitaki nionekane nasema wengi wakiamua basi imeisha, hapana. Hao Waswisi tunaoimbiwa, kuna jimbo lao dogo linaitwa Appenzell Innerrhoden, wanakutana uwanjani wananyoosha mikono, na kwa mikono hiyo hiyo wanaume walikuwa wanawanyima wanawake kura za jimbo mpaka mahakama kuu yao ilipoingilia mwaka 1990. Na sisi tusijifanye wema, huku nyanda za juu nani hajawahi kusikia kijiji kinapiga kura ya kutaja wezi au wachawi, karatasi zinahesabiwa, mzee wa watu anaambiwa ahame na shamba lake linabaki kwa waliomtaja. Kwahiyo bajeti, ardhi ya kijiji, michango, viongozi, hivyo vipigiwe kura, lakini uhai wa mtu, kwake, shamba lake, hilo hata kijiji kizima kikisaini lisiwe ajenda, na mjane au mfugaji aliyehamia juzi awe na pa kukimbilia mahakamani bila kuombwa barua na mwenyekiti yule yule.

Najua haya ya wabunge na asilimia yanahitaji Bunge na katiba na yatachukua muda. Lakini karatasi mbili na taarifa ubaoni hazihitaji sheria mpya, ni waraka wa ukurasa mmoja kutoka TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, kwenda kwa wakurugenzi wa halmashauri, na masanduku ya kura si halmashauri wanayo, wayaazime kwa vijiji wakati hakuna uchaguzi. Kama kuna mkurugenzi anasoma gazeti hili na anaona kuna sababu ya msingi ya kutofanya hivyo naomba aandike hapa hapa atujibu.

Mkulima wa viazi,
Rungwe, Mbeya