Baa ya Kiayalandi sio lazima ionyeshe halingi

Mhariri, habari za kazi. Mimi huwa nawasoma kwenye simu nikiwa kwenye treni na mara nyingi napita tu sina la kusema, ila ile makala yenu ya wapenda michezo wanaosafiri imenikaa kooni. Mmeandika kwamba mtu akiwa nje ya nchi na anataka mechi za Ayalandi atafute tu baa ya Kiayalandi, zipo kila mji, aingie akae aagize. Jamani. Huo ushauri mimi niliufuata kabla hata nyie hamjauandika, ukaninyima karibu fainali nzima ya halingi, mchezo wa fimbo wa Ayalandi.

Ngoja niwape kisa. Nilikaa Cork, kusini mwa Ayalandi, miaka saba kikazi na huko ndo nikaambukizwa halingi. Kwa asiyeijua, timu mbili za watu 15 kila upande, kila mtu ana fimbo, na kampira kadogo kagumu ka ngozi kanakokwenda kasi mpaka ukipepesa macho umeshapotea. Kakipita juu ya mwamba katikati ya nguzo ni pointi moja, kakiingia golini ni tatu, ndo maana utaona matokeo yameandikwa 3-29, maana yake magoli matatu na pointi 29, jumla 38. Na wachezaji hawalipwi mshahara, Jumatatu mtu anarudi kazini kwake kama kawaida wakati jana yake alikuwa Croke Park kule Dublin, uwanja unaobeba watu 82,300. Ukiishi miaka saba na watu wa namna hiyo utapona vipi?

Sasa 2024 nimeshahamia New York, na timu ya kaunti ya Cork imeingia fainali ya Ayalandi na kaunti ya Clare. Cork hawajashika kombe tangu 2005, kwahiyo mnaelewa presha. Fainali tarehe 21 Julai, saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Dublin, huku kwetu saa nne na nusu asubuhi, Jumapili. Nikavaa jezi yangu nyekundu, nikaingia baa moja Manhattan niliyokuwa naipita kila siku, ina jani la kijani mlangoni, kinubi dirishani, ukutani picha za kondoo na vibao vya barabarani vya Kigaeli, yaani Ayalandi imemwagwa humo ndani kwa ndoo. Tivii nilihesabu tisa. Zote tisa zinaonyesha gofu! Siku hiyo ndo ilikuwa ya mwisho ya The Open, mashindano makubwa ya gofu, kule Royal Troon, Scotland, basi watu wamekaa kimya wanamwangalia mtu anatembea kwenye nyasi.

Nikamwambia kijana wa kaunta naomba hata kale kativii ka pembeni uniwekee halingi. Akaniangalia. "Ile ya mawe na mafagio kwenye barafu?" Nikamwambia hapana ndugu yangu, hiyo ni kalingi, mimi nataka halingi, fainali ya Ayalandi, na hii si baa ya Kiayalandi? Akasema wao wana chaneli za kawaida tu, na kwamba yeye mwenyewe ni wa Ohio.

Kilichoniokoa ni meseji. Nilimwandikia mzee mmoja niliyefanya naye kazi Cork, na mzee wa watu mechi inaendelea lakini akajibu, neno moja tu: Woodlawn. Kama hamjafika huko, ni kaskazini kabisa ya Bronx, unachukua treni namba 4 mpaka inapoishia, halafu unatembea pembeni ya makaburi makubwa unahisi umepotea, halafu ghafla unaona bendera za kaunti zimetundikwa madirishani. Baa niliyoingia nje haina mbwembwe yoyote. Mlangoni kuna karatasi nyeupe imebandikwa kwa selotepu, imeandikwa kwa kalamu CLARE V CORK 10.30, chini yake $20. Jamaa amekaa kwenye stuli na kopo la hela mapajani. Nikamuuliza kwani mechi si imeisha, hela yote ya nini? Akaiangalia jezi yangu, akasema dakika za kawaida zimeisha sare, lete ishirini. Nikalipa huku nakimbia.

Ndani sasa! Nusu njano na bluu, nusu nyekundu, watu wamebanana mpaka kwenye ngazi za chooni, meza zina birika za chai na sahani za soseji maana mechi ilianza asubuhi. Shida moja tu, matangazo ya intaneti yanachelewa kidogo, kwahiyo simu za watu zilikuwa zinalia kabla hatujaona kitu. Ndugu zao kule nyumbani wameshaona pointi, wameshatuma meseji, na sisi huku mpira bado uko katikati ya uwanja. Mama mmoja wa Clare akapanda juu ya kiti akafoka, wote zimeni simu zenu la sivyo nazitupa kwenye ndoo ya barafu, na nakwambieni zilizimwa. Ikaisha 3-29 kwa 1-34, Clare kwa pointi moja, na sekunde za mwisho mchezaji wetu alivutwa jezi peupe kabisa refa akauchuna. Mpaka leo naiona ile jezi inavyotanuka.

Kwahiyo Mhariri hapo ndo makala yenu ilipokosea. Raga ya Ayalandi sawa, Six Nations utaipata sehemu nyingi tu bila jasho. Lakini halingi na mpira wa Kigaeli (ule wa miguu na mikono wa Ayalandi) ukiwa nje unazipata kwa huduma ya kulipia ya intaneti, ilianza 2014 ikiitwa GAAGO, RTÉ, shirika la utangazaji la Ayalandi, na GAA, chama chenyewe cha michezo hiyo, walikuwa ubia, sasa hivi inaitwa GAA+. Ile unayolipia nyumbani ni ya nyumbani, baa inatakiwa ilipie ya biashara, ndo maana unachajiwa mlangoni. Baa ya watalii itaingia gharama hiyo ya nini wakati wateja wake wanataka bia nyeusi na picha?

Ningeandika mimi ningesema hivi: angalia ukuta. Ukiona jezi za kaunti na picha za timu za mtaani zenye watu wasiojulikana, hapo kaa. Ukiona katuni ya kibwengo mwenye kofia ya kijani, endelea na safari. Piga simu siku moja kabla, na usiulize "mnaonyesha michezo ya Ayalandi" maana watakujibu ndio bila kufikiri, taja mechi na saa. Na kubwa kuliko yote tafuta klabu ya GAA ya mji huo, zipo mpaka miji ambayo hutegemei, wachezaji wake ndo wanajua nani kalipia. Hapa New York ukienda Gaelic Park, mtaa wa 240 huko huko Bronx, hukosi mtu wa kukuelekeza, na hiyo timu ya New York ya mpira wa Kigaeli sio ya kuchezea, 2023 iliwatoa kaunti ya Leitrim kwa penalti kwenye mashindano ya jimbo la Connacht kule Ayalandi, mara yao ya kwanza kushinda humo.

Na haya mahangaiko ya matangazo ni ya siku nyingi. 1947 fainali ya mpira wa Kigaeli ilichezewa hapa hapa New York, uwanja wa Polo Grounds, kaunti ya Cavan wakawafunga Kerry, na Ayalandi nzima iko kwenye redio. Muda wa laini uliolipiwa ukawa unaisha mechi bado, mtangazaji Micheál O'Hehir akaanza kuomba hewani jamani aliye huko kwenye laini tuongezeeni dakika tano. Akaongezewa. Mimi kijana wa Ohio hakuniongezea hata tivii moja.

Mwaka 2025 sikutaka mchezo, saa tatu asubuhi niko Woodlawn, nimelipa, kiti cha mbele, chai mkononi. Cork tena, safari hii na Tipperary. Mapumziko tunaongoza kwa pointi sita, watu wananikumbatia. Kipindi cha pili chote tukapata pointi mbili. Mbili tu! Ikaisha 3-27 kwa 1-18, na niliiangalia yote mwanzo mwisho bila kukosa sekunde. Siku hiyo wangeniwekea gofu wala nisingenung'unika.

Msomaji wenu,
Bronx, New York