Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujaweka Sahihi kwa Watu wa Unga

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo. Mama yako anaendelea na goti lake na ubishi wake, na ule mwembe wa uani mwaka huu umezaa mpaka tunagawa kwa ndoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, ya pili nikaanza kukuna kichwa, ya tatu nikazima simu nikatafuta kalamu, maana tukiyazungumza haya kwa simu utanikatiza. Nakujua.

Unasema kampuni ya unga wa sembe imeusikia mchezo wenu wa bandarini, imeupenda, na iko tayari kuudhamini vipindi 12. Hongera, tena si ya mdomoni. Kisha ukapitisha jambo moja haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara huku gari inakuja: wanataka jina lao liingie ndani ya jina la mchezo, na waonyeshwe miswada kabla hamjarekodi. Hilo ndilo lililonirudisha mara ya tatu.

Ninyi mnaliona jipya kwa sababu limekuja kwa njia ya podikasti. Tangu nistaafu, usiku usingizi ukinikimbia, huwa nasikiliza zile rekodi za redio za zamani za Marekani alizonishushia kaka yako. Mama yako ananiita mlinzi wa zamu. Basi huko karibu kila kipindi kikubwa kina mwenyewe, na mwenyewe si mtangazaji wala mtunzi. Ni mwenye sabuni, mwenye sigara, mwenye dawa ya meno.

Walianza kwa kuona haya. Tarehe 28 Agosti 1922 kituo cha WEAF cha New York, kilichokuwa mali ya kampuni ya simu ya AT&T, kiliuza dakika chache za hewa kwa kampuni ya majengo iliyotaka kusifia nyumba zake kule Jackson Heights. Kabla ya hapo, mwaka huohuo, Herbert Hoover, waziri wa biashara, alikuwa ameshasema haiingii akilini chombo chenye manufaa kama redio kiachwe kizame katika porojo za matangazo. Wafanyabiashara wakatafuta mlango wa uani. Bei hawaitaji, bidhaa hawaisifu sana, ila bendi wanaipa jina lao. Dawa ya meno ya Ipana ikawa na Ipana Troubadours. Maduka ya A&P yakawa na A&P Gypsies. Soda ya tangawizi ya Clicquot Club ikawa na wapiga banjo walioitwa Clicquot Club Eskimos. Mtangazaji akishawataja wanamuziki, biashara keshaitangaza. Sasa hebu isome upya ile barua ya watu wako wa unga.

Ilipofika miaka ya 1930, uchumi wao ukiwa hoi, haya zikawaisha. Usidhani NBC na CBS, mitandao mikubwa ya redio ya huko, ndio waliokuwa wakitunga tamthilia zile. Kwa vipindi vingi vikubwa kituo kilikuwa mwenye ukumbi tu. Mdhamini anakodi saa, na wakala wake wa matangazo ndiye anayeajiri waandishi, waigizaji na wapiga muziki, na ndiye anayeamua nani afe Ijumaa. Chukua Lux Radio Theatre, iliyoanza 1934. Ni Lux hiihii, ambayo mama yako alikuwa akiificha kabatini katikati ya khanga ili zinukie. Kila wiki filamu, na mwanzoni mchezo wa jukwaani, iligeuzwa mchezo wa redio wa saa nzima, ukumbi umejaa watu, nyota wa Hollywood wamesimama mbele ya maikrofoni na karatasi mkononi. Tangu 1936 mwenyeji alikuwa Cecil B. DeMille, mwongozaji wa filamu ambaye sauti yake ilijulikana nchi nzima. Mwaka 1945 akagombana na chama cha wafanyakazi wa redio kwa ajili ya mchango wa dola 1 aliokataa kuutoa kwa sababu za kisiasa, akaondoka hewani. Ungedhani kipindi kingekufa. Wapi! Sabuni ilibaki hewani mpaka 1955.

Mimi lakini ninayempenda ni Ma Perkins. Alianzia kituo cha WLW cha Cincinnati mwaka 1933, mjini kwa Procter & Gamble wenyewe, watengeneza sabuni, na kabla mwaka haujaisha akapelekwa NBC. Ni mjane anayeendesha biashara ya mbao katika mji mdogo wa kubuni, mama wa kila mtu, dakika 15 mchana, siku tano za wiki. Mlengwa alikuwa mwanamke aliye jikoni au kwenye karai la nguo, na mlipaji alikuwa Oxydol, sabuni yao ya unga. Ukisikia watu wanasema opera za sabuni, jina lenyewe limetoka kwenye michezo ya namna hiyo, na lilitolewa kwa kejeli. Aliyemwigiza Ma Perkins ni Virginia Payne, msichana wa miaka ya ishirini na kitu akijifanya kikongwe, na alikaa humo mpaka mwisho. Oxydol wenyewe waliacha kudhamini mwaka 1956, yeye akaendelea. Tarehe 25 Novemba 1960 aliwaaga wasikilizaji, akawatajia hewani kwamba hicho kilikuwa kipindi cha 7,065. Nilikisikiliza saa nane za usiku nikiwa nimejifunika shuka kichwani ili mama yako asinione nalia.

Sasa nikusimulie la kwangu, ambalo hujawahi kulisikia. Mwaka sitautaja wala kituo, maana baadhi yao wako hai na tunapeana mikono msikitini. Nilikuwa fundi mitambo, lakini kwenye michezo nilishika pia milio: vifuu vya nazi kwa kwato za punda, karatasi ya biskuti unaikunjakunja karibu na maikrofoni kwa moto, choroko kwenye ungo kwa mvua. Mchezo ulikuwa wa mama lishe mmoja, Bi Mwanaidi, ambaye kibanda chake kinashika moto kwa mafuta yaliyoachwa jikoni. Mdhamini, kwa bahati yetu, alikuwa muuza mafuta ya kupikia. Mtu wake aliusoma mswada asubuhi ya kurekodi akasema mafuta yao hayaunguzi mtu. Tulibishana mpaka adhuhuri. Mwishowe mtayarishaji akafuta moto akaandika mafuriko. Mimi nikaweka karatasi yangu chini nikashika ungo wa choroko.

Kilichosahaulika ni kwamba vipindi viwili vya mbele vilikuwa vimesharekodiwa, kwa sababu mwigizaji mmoja alikuwa anasafiri. Wiki iliyofuata Bi Mwanaidi yuko hospitali, mikono imefungwa bendeji, analia kwa kuungua. Barua zilikuja gunia zima. Moja ilitoka Handeni, naikumbuka mwandiko wake: "Hiyo mvua iliyomuunguza mama wa watu ilinyesha wapi, ili na sisi tujihadhari?" Tuliibandika ukutani studio. Mtayarishaji akaja kuibandua.

Sisi tulidhalilika kijinga. Wenzetu walifanyiwa kwa akili. DuPont walikuwa watengeneza baruti tangu 1802. Mwaka 1934 kamati ya bunge la Marekani chini ya Seneta Nye ilianza kuwahoji waliotajirika kwa Vita Kuu ya Kwanza, na watu wakawaita wafanyabiashara wa mauti. Oktoba 1935 DuPont wakaja na Cavalcade of America, tamthilia za historia ya Marekani: wavumbuzi, madaktari, wanawake jasiri, orkestra nzima nyuma yao. Kazi nzuri, siwezi kukudanganya. Ila katika miaka ya mwanzo mlio wa risasi ulikuwa mwiko. Fikiria wewe ndiye fundi wa milio, umepewa historia ya nchi ile, na bunduki huruhusiwi kuigusa! Msikilizaji hawezi kulalamikia kisichosikika. Mvua yetu ya kuunguza angalau ilimfanya mtu wa Handeni anunue stempu.

Firestone, watengeneza matairi, nao walichagua muziki. Kuanzia 1928, Jumatatu usiku, sauti za opera na vinanda, na baadaye wimbo wa kufungulia kipindi ukawa umetungwa na mke wa mwenye kampuni, Idabelle Firestone. Muziki mtamu. Nikiusikiliza lakini nakumbuka kwamba miaka miwili kabla yake, 1926, kampuni hiyohiyo ilikodishiwa na Liberia ardhi ya kupanda mpira hadi ekari milioni moja, kwa miaka 99, kwa senti 6 za dola ekari kwa mwaka. Sisemi violini zilikuwa na kosa.

Usije ukasema baba yako amekuwa mtu wa kununa. Udhamini wenyewe siuchukii, bila huo ningekusomesha na nini? Kampuni ya mafuta ya Texaco ilibeba matangazo ya opera ya Metropolitan ya New York kuanzia Desemba 1940 mpaka 2004, Jumamosi kwa Jumamosi, na mchezo haukukatizwa katikati ili mtu auziwe petroli. Wanataja jina lao, pazia linafunguka, wananyamaza. Wakati wa mapumziko kuna maswali na mazungumzo kuhusu opera. Na hata kwetu, Twende na Wakati ilipoanza Radio Tanzania mwaka 1993 ilikuwa na shabaha yake ya uzazi wa mpango na UKIMWI, kila mtu aliijua, na bado watu walimgombania Mkwaju yule dereva wa lori kama vile wamewahi kupanda gari lake. Shabaha ikiwa wazi, msikilizaji anaamua mwenyewe.

Na kwa kuwa wako ni watu wa unga, nikupe kisa cha unga. Novemba 1941, kituo cha KFFA cha Helena, Arkansas, kando ya mto Mississippi. Wanamuziki wawili weusi, Sonny Boy Williamson wa pili na Robert Lockwood, walitaka hewa ya kupigia muziki wao. Kituo kikawaambia watafute mdhamini, wakampata muuza unga wa jumla mwenye chapa ya King Biscuit. Kipindi kikaitwa King Biscuit Time, saa sita na robo mchana, wakati wakulima wa pamba wamekaa kula. Jina la unga lilikaa juu ya mlango, kama wanavyotaka hawa wako. Ila angalia walichopata wanamuziki: waliruhusiwa kutangaza hewani usiku huo watapiga dansi wapi. Unga uliuzika, na wao wakajaza kumbi. Baadaye ikatoka sembe yenye jina lake kabisa, Sonny Boy, na picha yake kwenye mfuko wa unga, amekaa juu ya gunzi la mahindi. Mtu mweusi wa Arkansas, miaka ile! Na blues zake, ule muziki wa Wamarekani weusi, hakuna aliyemwambia aziimbe vipi, maana muuza unga hakujua blues. Kutojua kwa mdhamini kuna baraka zake.

Kwa hiyo jina lao mimi halinisumbui sana. Wape mwanzo na mwisho, wakitaka na katikati wape sekunde zao, msichana mwenye sauti nzuri asifie sembe mpaka watu wasikie njaa. Hata kwenye jina la mchezo, kama pesa ni nzuri na wenzako wameridhika, sitakununia. Miswada ndiyo ninayoikataa. Wakisema ni desturi tu, waombe waandike kwenye mkataba kwamba wakishasoma hawana ruhusa ya kufuta neno. Uone watakavyoanza kukohoa. Na pesa ya vipindi vinne vya kwanza ije kabla hujarekodi hata kimoja, hilo halihusiani na sanaa, ni uzoefu wa mtu aliyewahi kudai miezi saba.

Mama yako amenichungulia hapa anasema nikukumbushe kula. Anasema pia ukipata mkataba uje nao mwenyewe, usiutume kwa picha, macho yake hayasomi simu. Maembe yatakuwepo bado.

Jambo moja. Ulinisimulia kipindi cha 3, pale bibi anapoamka usiku kuchekecha unga, anakuta fukusi, anakaa kimya na chekeche mkononi kwa sababu amejua mwanawe ameuleta kutoka wapi. Hicho mmekirekodi au bado? Kama tayari, nitumie leo hiihii kama kilivyo, kabla watu wa unga hawajaletewa mswada wake. Nataka kusikia mmeutoaje ule mlio wa chekeche.

Baba yako