Digrii ya uchumi wa mazingira isikwepe uhasibu

Ndugu Mhariri,

Nafundisha Jiografia kidato cha sita hapa Morogoro. Kila msimu wa udahili vijana wangu wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) huniuliza masharti ya kusomea uchumi wa mazingira na biashara. Ya kuingia nawaeleza: kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo mawili makuu, jumla pointi 4.0. Yanayonikosesha raha ni ya kuhitimu.

Naomba vyuo vyetu viufanye uhasibu, takwimu na uchumi wa maliasili kuwa masomo ya lazima, si ya hiari. Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam unaanzia milima ya Uluguru. Mkulima wa Mgeta analima mboga kwenye mteremko huohuo. Akiacha miti kwenye chanzo cha maji, nani amfidie, na kwa shilingi ngapi? Asiyeweza kusoma mizania ya kampuni hawezi kujibu. Asiyejua mmomonyoko wa udongo naye hawezi.

Na mafunzo kwa vitendo yawe mabondeni kweli. Wanafunzi wangu wa zamani waliishia kupanga mafaili ofisini, wakasainiwa fomu, wakarudi chuoni.

Mwalimu, Morogoro