Bahasha ya dawa ya kiungulia iandikwe maelezo kamili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna dawa za kupunguza asidi tumboni, hasa omeprazoli, zinavyouzwa katika maduka ya dawa mitaani kwetu.

Mama yangu mzazi alikuwa akisumbuliwa na kiungulia pamoja na maumivu ya chembe cha moyo. Kwa miezi saba alinunua omeprazoli dukani, na kila mara alirudi na bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "1x2", basi. Hakuna aliyemwambia aimeze kabla au baada ya kula, wala aliyemuuliza kama ana dawa nyingine anayotumia, ilhali alikuwa akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo nayo huweza kuumiza tumbo, karibu kila siku kwa ajili ya magoti. Aliichukulia kama vidonge vya magnesiamu alivyozoea kutafuna: akishashiba na kifua kikaanza kuwaka, ndipo anameza.

Dawa hizi mbili hazifanyi kazi kwa namna moja. Magnesiamu huikuta asidi ikiwa imeshamwagika tumboni na kuituliza papo hapo, lakini kwa muda mfupi tu. Omeprazoli hufyonzwa kwenye utumbo, ikaingia katika damu na kurudi kwenye ukuta wa tumbo kufunga pampu zinazotoa asidi. Na kwa kuwa pampu hizo huamka kwa wingi chakula kinapoingia, dawa inatakiwa iwe imeshatangulia, yaani imezwe kama nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Chembechembe zilizomo ndani ya kapsuli zimefunikwa ili asidi isiziharibu, kwa hiyo hazifai kutafunwa wala kusagwa.

Tulipompeleka hospitali, muuguzi aliigeuza ile bahasha upande wa pili akitafuta maelezo, asione kitu. Daktari alitueleza kwamba kipimo cha choo cha kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo kinaweza kutoa jibu la uongo mtu akiwa bado anatumia omeprazoli, hivyo aiache kwanza kwa wiki mbili. Zilikuwa wiki ngumu, kwani tumbo lililozuiwa kwa muda mrefu huweza kutoa asidi kwa wingi zaidi dawa inapokatishwa. Bakteria walionekana. Aliachishwa diklofenaki, akapewa antibiotiki mbili pamoja na omeprazoli ileile kwa siku 14, na sasa anakula bila hofu.

Inaniuma kwamba miezi saba ilipita kidonge kikituliza dalili huku chanzo kikiachwa, na kwamba majirani bado walimwambia vidonda ni vya mawazo na pilipili, wakati Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria huyu na uhusiano wake na vidonda.

Ninawaomba wauza dawa waandike kwenye bahasha saa ya kumeza na idadi ya siku, na wamuulize mteja kuhusu dawa za maumivu. Anayemeza chakula kwa shida, anayepungua uzito bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asiuziwe kidonge akaenda zake, bali aelekezwe hospitali siku hiyohiyo. Nalo Baraza la Famasi, linapokagua maduka ya dawa muhimu, lizifungue pia bahasha hizo na kusoma kilichoandikwa.

Msomaji wako,
Morogoro