Siku ya Kwanza Hamchezi, na Bado Tunawatoza

Sisi tunaendesha michezo ya kuigiza ya mezani: kila mchezaji ana mhusika wake, mmoja wetu anasimulia kisa, na dadu zinaamua nani kafaulu. Wiki iliyopita mteja mmoja alituachia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kwa ufupi: walikuja watano kutoka kazini, wakalipia meza kwa muda wa saa tatu, wakanunua na soda, na mpaka wanaondoka hawajaua hata panya. "Huo ni wizi wa mchana," akamalizia. Si wa kwanza. Kila baada ya miezi miwili mitatu lazima mtu atuambie hivyo, basi leo najibu kwa maandishi, ili siku nyingine nitume kiungo tu nikaendelea na kazi.

Siku hiyo tunaiita kikao sifuri. Hakuna joka, hakuna vita, na dadu ya pande 20 inabaki kwenye kikopo chake. Kinachofanyika ni kuwatengeneza wahusika wenu na mji watakaoanzia, vyote mezani, wote mkiwapo. Ni shilingi 4,500 kwa meza ya watu hadi watano. Gawanyeni: 900 kila mmoja. Penseli ni zetu.

Njia ya mkato tunayoisikia zaidi ni hii: "Sisi wahusika tunao tayari, tuanze tu." Zamani nilikuwa nakubali. Kisha wakaja vijana wanne wa ofisi moja, kila mmoja na karatasi ya mhusika iliyopigwa chapa vizuri, mmoja hadi na picha ya rangi. Nikazisoma. Wa kwanza, muuaji wa kukodiwa; wazazi wake waliuawa, hamwamini mtu. Wa pili, mwindaji. Kijiji chao kilichomwa, anatembea peke yake. Wa tatu na wa nne sina haja ya kusimulia, mshajua. Mayatima wanne meza moja, kila mmoja kajibanza pembe yake ya mgahawa, kofia usoni, anangoja mwenzake aanze kuongea. Ningewafunga kwa uzi gani? Kikao cha tatu wawili wakachomana visu kwa mfuko wa dhahabu. Cha nne hakikuwapo. Baada ya mwezi walirudi wakitaka tuanze upya, wakalipa kikao sifuri walichokikataa, juu ya vikao vitatu vilivyokwenda na maji.

Tena kuna hawa wanaorusha dadu nyumbani kupata alama za uwezo wa mhusika. Kijana alituletea mhusika mwenye 18 kila mahali: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima, mvuto. Kwa dadu tatu za pande sita, kupata 18, alama ya juu kabisa, ni mara moja katika 216. Yeye kaipata mara sita mfululizo, sebuleni kwao, bila shahidi. Sikubishana naye, nilimpa penseli na pointi 27 za kununulia alama hizo, kama kila mtu. Kwa hesabu hiyo, ukitaka 15 inakugharimu pointi 9, kwa hiyo 15 tatu zinamaliza mfuko wote na sehemu nyingine tatu unabaki na 8. Alinuna nusu saa. Mwisho alijitengenezea askari wa lango mwenye nguvu za ng'ombe asiyejua kusoma, na mpaka leo huyo ndiye mhusika anayependwa kuliko wote waliopita mezani kwetu.

Mji sasa. Hapa ndipo watu wanapodhani tunavuta muda.

Sisi mji tunauanzia kisimani. Maji yako wapi, nani ana kamba, nani anateka usiku kwa siri? Baada ya hapo ukuta, na lango likifungwa nani analala ndani na nani nje. Hili hatukulibuni. Aliyewahi kutembea Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Watamu, pwani ya Kenya, ameona: visima kila unapogeuka, ukuta wa ndani ukizunguka nyumba za mawe za wakubwa, na ukuta wa nje kwa waliobaki. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na majina ya nyumba yakaenda na wenyewe. Wachimbaji wa mambo ya kale walipoanza kufukua mwaka 1948 walizipa nyumba majina ya vitu walivyovikuta ndani. Ndiyo maana leo kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri.

Tumeiiba mbinu hiyo mchana kweupe. Kila mchezaji anapewa vikaratasi viwili. Kwenye kila kimoja anaandika kitu kilichomo katika nyumba fulani, na jina la mtu anayekitafuta. Mmoja kati ya watu hao lazima amdai mhusika wako, mwingine awe tayari kusema uongo kwa ajili yako. Watu watano, nyumba kumi. Zaidi ya hizo sitaki.

Mwalimu mmoja aliandika "mkasi uliovunjika ncha" (alikuwa ametoka Gede na wanafunzi wake mwezi uleule). Akasema fundi cherehani wa mji ni shangazi wa mhusika wake, na ncha ile ilivunjika akikata kamba ya wasia usiokuwa wake. Basi. Kikaratasi kile kilitulisha vikao kumi na kimoja. Na siku mhusika wake, mchawi mwenye uhai wa pointi 6 tu, alipoanguka nje ya lango mbele ya mazimwi, meza nzima iliniuliza kwa pamoja: "Shangazi yuko wapi?"

Linganisha na bwana aliyejiendeshea mchezo mwenyewe kwa ramani ya kununua mtandaoni, nyumba zaidi ya mia tatu, mitaa, bandari, kila kitu. Wachezaji wakaingia, wakauliza anayeuza mkate anaitwa nani. Kimya. Alituletea ramani tumtengenezee. Ilituchukua jioni mbili kumwondolea nyumba, na tulimtoza zaidi kwa kazi hiyo kuliko tungemtoza kwa mji mpya. Alilalamika. Kubomoa kazi ya mtu mwingine ni kazi mara mbili, muulize mwashi yeyote.

Kuhusu bei, saa tatu mnazoziona si kazi yote. Mkiondoka nakaa na vikaratasi vyenu, natafuta nani anagongana na nani, nachora mji kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, na naandika ukurasa mmoja kwa kila mtu wa mji. Kwa kawaida ni saa nne au tano nyingine. Dave Arneson, mmoja wa wawili waliotoa mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons mwaka 1974, alianzia na ngome, mji wake na mapango chini yake, na marafiki zake wakawa wanarudi humohumo wiki baada ya wiki. Haraka ya nini?

Kuanzia mwezi ujao, anayekuja na mhusika tayari tutampokea, ila atamfungua mezani kama wengine na atapokea vikaratasi vyake viwili. Anayetaka kuruka kikao sifuri kabisa tuna michezo ya jioni moja, wahusika wetu, mji wetu, shilingi 3,000 kwa meza, na panya wa kuua wapo wa kutosha. Yule wa ujumbe wa sauti: Jumamosi saa tisa meza yenu iko tayari. Mji nimeshauchora, na yule mtu wenu wa kisimani nimempa jina lako.